Mkunga wa Wicket huhudumia vijenzi tu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie jambo ambalo linawala siku nzima watengenezaji wa programu za wavuti kwa Java, hasa wale wanaotumia kiunzi cha Apache Wicket pamoja na Spring (mfumo unaotengeneza huduma za programu na kuzigawa panapohitajika). Mafunzo mengi ya teknolojia yanayochapishwa kwa ajili ya wanaoanza huwa yanaishia mahali pamoja: weka anotesheni (alama) ya @SpringBean juu ya fildi, huduma itadungwa (itaingizwa humo) yenyewe, kazi imekwisha. Kwa ukurasa na vitufe vyake ni kweli. Kwa modeli, kihakiki, kitoa-data na sesheni si kweli, na humo ndimo mwenye programu anapokutana na NullPointerException (hitilafu ya kutumia fildi iliyo tupu) asiyojua imetoka wapi. Mbaya zaidi ni yule anayeitibu hitilafu hiyo kwa njia ya mkato, kwa sababu dawa aliyoichagua huleta ugonjwa mwingine utakaojitokeza programu ikishafika kwa watumiaji.

Kwanza tueleze kwa nini Wicket haifanani na viunzi vingine. Ukurasa katika Wicket ni mti wa objekti za Java: ukurasa wenyewe, ndani yake fomu, ndani ya fomu visanduku vya maandishi, lebo na vitufe. Kila kijenzi, au komponenti kama wengi tunavyosema, anakizaa mwandishi wa programu mwenyewe kwa neno new. Spring haikuwepo wakati wa uzazi huo. Spring huzijua na kuzijaza zile objekti ilizozitengeneza yenyewe tu. Objekti uliyoizaa kwa mkono wako haina habari nayo. Ndiyo maana kuandika @Autowired ndani ya ukurasa wa Wicket hakuleti kitu: anotesheni ipo, lakini hakuna anayeisoma.

Wicket imelitatua jambo hili kwa kuweka mkunga. Konstrakta (sehemu inayokimbia objekti inapozaliwa) ya klasi ya Component, mama wa vijenzi vyote, humwita kila msikilizaji aliyesajiliwa na kumwambia kwamba kijenzi kimezaliwa. Mkunga wetu ni SpringComponentInjector, anayepatikana katika maktaba ya wicket-spring, ambayo lazima iwe ya toleo lile lile la wicket-core mnalotumia. Anasajiliwa mara moja, ndani ya init ya klasi ya programu, baada ya super.init:

getComponentInstantiationListeners().add(new SpringComponentInjector(this));

Mstari huo usiwekwe katika konstrakta ya klasi ya programu. Wakati huo muktadha wa servleti bado haujafika, na mkunga anauhitaji ili kuutafuta muktadha wa Spring, yaani ghala ambamo Spring huweka huduma zake. Kama muktadha wa Spring wenyewe haukupakiwa kwa ContextLoaderListener, programu itagoma kuwaka na kulalamika kuwa haikuona WebApplicationContext yoyote. Anayewasha Spring kwa njia nyingine ampe mkunga muktadha huo mkononi, kama hoja ya pili ya konstrakta.

Baada ya hapo, kila kijenzi kinapozaliwa, mkunga hukikagua kuanzia klasi yake halisi na kupanda hadi kwa wazazi, akitafuta fildi zenye @SpringBean. Akiikuta fildi ambayo bado ni tupu, anaijaza. Orodha ya fildi za kila klasi huiweka katika akiba, kwa hiyo ukaguzi haurudiwi kila mara. Wanaokwepa utaratibu huu kwa kuhofia kasi wanahofia kitu kidogo sana.

Sasa tufike penyewe. Mkunga haweki huduma halisi katika fildi. Anaweka wakala. Wakala ni objekti ndogo yenye sura ile ile ya huduma, ambayo ndani yake imebeba mambo mawili tu: aina ya huduma inayotakiwa, na jina lake ndani ya Spring. Siku mbinu (method) ya kwanza inapoitwa, wakala huenda kwenye muktadha wa Spring, humtafuta mwenyewe halisi, na kumkabidhi kazi. Kwa nini mzunguko huu wote? Kwa sababu Wicket hufungasha kurasa. Kila ukurasa wenye hali hugeuzwa kuwa mfululizo wa baiti na kuwekwa kwenye diski, ili mtumiaji akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, ukurasa wa awali ufunguliwe ukiwa na hali yake ya wakati ule. Ghala hilo la diski lina kikomo, kwa kawaida megabaiti 10 kwa kila sesheni. Kila kilichoshikwa na ukurasa hufungashwa pamoja nao. Ukiushikisha huduma halisi, umeushikisha pia bwawa la miunganisho ya hifadhidata, meneja wa miamala, na pengine muktadha mzima wa Spring. Vitu hivyo havifungashiki. Wakala anafungashika kwa baiti chache, na akifunguliwa upya huenda kumtafuta mwenyewe tena.

Asiyeielewa aya hiyo hataelewa kwa nini dawa za mkato ni sumu.

Turudi kwenye NullPointerException. Mkunga huitwa na konstrakta ya Component. Katika matoleo ya karibuni huhudumia pia objekti za aina ya Behavior (tabia zinazoambatishwa kwenye vijenzi). Zaidi ya hapo hakuna. Modeli si kijenzi. IValidator (kihakiki) si kijenzi. IConverter (kigeuzi cha thamani) si kijenzi. IDataProvider inayolisha jedwali si kijenzi, wala safu za jedwali hilo, wala klasi yako ya sesheni. Ukiandika @SpringBean ndani ya yoyote kati ya hizi, kompaila hainung'uniki, programu inawaka, fildi inabaki tupu, na mbinu ya kwanza inayoigusa inalipuka.

Tiba ni mstari mmoja, na mahali pake ni ndani ya konstrakta ya objekti yenyewe:

public class ModeliYaMteja extends LoadableDetachableModel<Mteja> {

    @SpringBean
    private HudumaYaWateja huduma;

    private final Long namba;

    public ModeliYaMteja(Long namba) {
        this.namba = namba;
        Injector.get().inject(this);
    }

    @Override
    protected Mteja load() {
        return huduma.mtafute(namba);
    }
}

Mstari wa Injector ndio unaomwita mkunga kwa jina aje kwenye uzazi ambao hakualikwa. Klasi hiyo iko katika paketi ya org.apache.wicket.injection. Wanaotunza programu za zamani za toleo la 1.4 watakuta imeandikwa InjectorHolder.getInjector() badala yake. Kuanzia toleo la 1.5 jina hilo limeondolewa, na kulibadilisha ni kazi ya kutafuta na kuweka upya tu.

Tazameni kilichofungashwa katika modeli hii: namba ya mteja na wakala wa huduma. Mteja mwenyewe hafungashwi, kwa kuwa LoadableDetachableModel humwachia kila ombi linapomalizika na kumleta upya linapokuja lingine. Modeli nzima inabaki ndogo. Anayempa modeli yake objekti nzima ya Mteja badala ya namba anaipoteza faida hiyo, hata kama udungaji wake hauna kasoro.

Na tazameni pia kwamba modeli ikishafungashwa na kufunguliwa, konstrakta haiitwi tena. Java hurejesha fildi kutoka kwenye baiti bila kupita hapo. Mtu anaweza kudhani basi huduma itapotea. Haipotei, kwa sababu wakala alifungashwa pamoja na modeli. Ila mwandishi akiwa amesikia mahali kwamba "huduma zisifungashwe" na akaweka neno transient kwenye fildi hiyo, basi wakala hataingia kwenye mzigo, konstrakta haitaitwa, na fildi itafunguliwa ikiwa tupu. Programu itafanya kazi vizuri mbele yake siku nzima, kisha itaanguka mtumiaji wa kwanza atakapobonyeza kurudi nyuma. Neno transient na @SpringBean havikai nyumba moja.

Kuna kosa jingine dogo kwa sura, na hili linawahusu hata wenye vijenzi halali. Baadhi ya watu wamezoea kuanzisha kila fildi kwa thamani, wakaandika:

@SpringBean
private HudumaYaWateja huduma = null;

Kijenzi hiki hakitapata huduma kamwe. Mpangilio wa Java ni huu: konstrakta ya mzazi hukimbia kwanza, ndipo thamani za mwanzo za fildi za mtoto huwekwa, ndipo mwili wa konstrakta ya mtoto hukimbia. Mkunga huitwa katika konstrakta ya mzazi. Anaijaza fildi, anaondoka, kisha ule mstari wa "= null" unakuja nyuma yake na kuifuta kazi yake. Ukiondoa herufi hizo chache, kila kitu kinakwenda. Neno final nalo liachwe: fildi ya final inadai thamani kabla konstrakta haijaisha, mwandishi anaipa null ili kompaila inyamaze, na hapo amerudi kwenye shimo lile lile.

Mpangilio huo huo unawabana wanaoandika klasi mama ya modeli zao zote na kuuweka mstari wa Injector katika konstrakta yake. Unafanya kazi, kwa kuwa mkunga hukagua klasi halisi ya objekti na siyo klasi ambamo mstari umeandikwa, kwa hiyo fildi za watoto nazo hujazwa. Masharti ni mawili: mtoto asianzishe fildi yake kwa thamani, na mama asiite mbinu ya mtoto inayoitumia huduma kabla ya kufika kwenye mstari wenyewe.

Sasa dawa za mkato. Ya kwanza tunayoikuta mara nyingi ni klasi yenye mbinu tuli inayorudisha muktadha wa Spring, ambayo kila mtu anaichota atakapo. Ikitumika ndani ya load, ikachukua huduma, ikamaliza nayo bila kuiweka popote, haitavunja ufungashaji. Ubaya wake ni kwamba utegemezi umefichwa: ukiitazama modeli kwa juu huoni inachohitaji, na jaribio haliwezi kumpa mwigo (mock) wa huduma bila kuuhangaisha muktadha wa programu nzima. Halafu siku moja mtu ataiweka ile huduma katika fildi "ili isitafutwe mara mbili", na hapo huduma halisi imeingia kwenye mti wa ukurasa.

Ya pili ni kuzima mawakala. SpringComponentInjector ina konstrakta yenye hoja ya tatu ya kweli au si kweli. Ukiipa si kweli, inadunga huduma halisi moja kwa moja. Watu huikimbilia wanapokutana na hitilafu ya kutengeneza wakala, nasi hatuoni sababu ya kuitumia katika programu ya kawaida yenye kurasa zinazofungashwa. Hitilafu ile ina chanzo chake, na chanzo ndicho cha kutibiwa. Huduma ikitajwa kwa kiolesura cha Java, wakala hutengenezwa kwa utaratibu wa Java yenyewe na hakuna tatizo. Ikitajwa kwa klasi, inabidi itengenezwe klasi ndogo inayoirithi; matoleo ya nyuma yalitumia CGLIB kwa kazi hiyo, toleo la 10 linatumia Byte Buddy. Klasi iliyofungwa kwa final hairithiki, basi wakala hapatikani. Hatari ya kimya zaidi ni mbinu ya final ndani ya klasi ambayo yenyewe si final. Hiyo haifunikwi na wakala. Ukiiita, inakimbia ndani ya wakala mwenyewe, ambaye fildi zake zote ni tupu, na hitilafu inaonekana kana kwamba imetoka katikati ya huduma yako. Mtu anaweza kuikagua huduma hiyo hadi macho yaume asione kosa, kwa sababu kosa halimo humo. Tajeni huduma kwa violesura, na suala lote hili litawaepuka.

Ya tatu ina uzuri wake, nasi tunaiunga mkono kwa masharti: ukurasa umpe modeli huduma kupitia konstrakta. Fildi ya ukurasa imeshajazwa wakala, ukurasa unamkabidhi modeli wakala yule yule, modeli anafungashika. Utegemezi uko wazi, jaribio ni rahisi, na mstari wa Injector hauhitajiki. Kwa modeli inayotumika katika ukurasa mmoja au miwili hii ndiyo njia tunayoipenda. Sharti ni kwamba kilichopokewa kiwe ni wakala kweli. Ikiwa modeli inazaliwa ndani ya klasi ambayo Spring yenyewe ndiyo iliyoitengeneza, ile huduma iliyo mkononi mwa klasi hiyo ni halisi, na modeli itaibeba halisi hadi kwenye ukurasa. Msimbo ni ule ule, herufi kwa herufi. Asili ya objekti ndiyo tofauti. Kwa sababu hiyo modeli zinazozaliwa sehemu nyingi tunashauri zijidunge zenyewe.

Lamda (mbinu fupi zisizo na jina) za Java 8 zimerahisisha mambo na kuficha mengine. Lamda iliyoandikwa ndani ya ukurasa na kuitumia fildi ya huduma hushika ukurasa wenyewe, na fildi yake ni wakala. Hapo hakuna neno, mradi modeli hiyo haihamishiwi ukurasa mwingine. Ikihamishwa, inaukokota ukurasa wa kwanza mzima ndani ya wa pili, na ghala la diski linajaa upesi. Klasi zisizo na jina zilizoandikwa ndani ya ukurasa zina mzigo huo huo.

Huduma mbili za aina moja zikiwemo katika Spring, mkunga akishindwa kujua ipi inatakiwa hutoa IllegalStateException yenye orodha ya majina aliyoyakuta. Soma orodha hiyo, kisha itajie anotesheni jina unalolitaka, au uiwekee huduma kuu alama ya @Primary upande wa Spring.

Kuna jambo la nyuzi (threads, njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba) ambalo linasumbua kwa sababu halitokei kila mara. Injector.get() humtafuta mkunga kupitia programu ya Wicket iliyofungwa kwenye uzi unaoendelea. Katika ombi la kawaida, Wicket imeshaifunga. Katika uzi ulioanzisha mwenyewe, au kazi ya ratiba ya usiku, haimo, na utapata ujumbe kwamba hakuna programu iliyoambatishwa kwenye uzi huo. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka upesi ni pale wakala anapopelekwa kwenye uzi wa pembeni. Kama wakala yule alishaitwa mara moja ndani ya ombi, amemkumbuka mwenyewe halisi, naye atafanya kazi kwenye uzi wa pembeni bila tatizo. Kama hakuwahi kuitwa, au ukurasa umetoka kufunguliwa kutoka kwenye diski, hamkumbuki. Atahitaji kumtafuta, ataihitaji programu, na ataanguka. Kwa hiyo kitufe kile kile leo kinafanya kazi, kesho hakifanyi. Dawa si kuufungia uzi programu ya Wicket kwa mkono, ingawa inawezekana. Dawa ni ukurasa uite mbinu moja ya huduma, na huduma yenyewe, ikiwa ndani ya Spring, ndiyo ianzishe kazi ya pembeni. Huko nyuzi zinapata huduma halisi kutoka kwa Spring na Wicket haihusiki.

Tabia hiyo ya wakala ya kumkumbuka mwenyewe ina matokeo mengine. Huduma ya aina ya prototype, ile inayotengenezwa mpya kila inapoombwa, isitumike kuhifadhi hali ya ukurasa. Wakala atakaa na nakala moja hadi ukurasa utakapofungashwa. Ukifunguliwa, ataomba upya na kupewa nakala nyingine, tupu. Hali ya ukurasa ikae katika fildi za ukurasa na modeli zake. Huduma za upeo wa ombi au wa sesheni ziwekewe proksi (wakala) ya Spring yenyewe upande wa Spring, ili wakala wa Wicket amkumbuke proksi huyo na siyo objekti ya ombi lililopita.

Tumalizie na majaribio, maana makosa haya karibu yote yanapita katika majaribio ya kawaida bila kuonekana. WicketTester, zana ya majaribio ya Wicket, hutumia ghala la kuigiza ambalo huzishika kurasa kama zilivyo kwenye kumbukumbu, bila kuzifungasha. Ukurasa wenye huduma halisi ndani yake utapita majaribio mia. Hata kwenye kompyuta ya mwandishi mara nyingi utapita, kwa kuwa ukurasa wa mwisho huwa bado uko hai kwenye sesheni. Kwenye kumbukumbu za seva kutakuwa na mistari mirefu ya kutofungashika ambayo hakuna aliyeisoma. Tatizo hujitokeza mtumiaji anaporudi nyuma, seva inapowashwa upya, au ombi linapoangukia seva ya pili, na yeye huona tu kwamba ukurasa umekwisha muda wake. Mistari ile ya kumbukumbu msiidharau: Wicket huonyesha njia nzima, fildi kwa fildi, kutoka kwenye ukurasa hadi kwenye objekti iliyokataa. Mstari wa mwisho unamtaja mkosaji.

Kuandaa jaribio ni rahisi. Chukueni ApplicationContextMock kutoka wicket-spring, iwekeeni mwigo wa huduma kwa putBean, mpeni mkunga muktadha huo, kisha anzisheni WicketTester. Zaeni modeli, na badala ya kuiita pale pale, ipitisheni kwenye mlango wa baiti:

ByteArrayOutputStream mzigo = new ByteArrayOutputStream();
new ObjectOutputStream(mzigo).writeObject(modeli);
ModeliYaMteja nakala = (ModeliYaMteja) new ObjectInputStream(
    new ByteArrayInputStream(mzigo.toByteArray())).readObject();

Kisha iteni getObject kwenye nakala, siyo kwenye modeli ya mwanzo. Mistari hii hukamata makosa matatu kwa pamoja. Huduma halisi ikiwa imeingia na haifungashiki, writeObject itatoa NotSerializableException yenye jina la klasi. Fildi ikiwa na transient, getObject itaanguka kwa utupu. Mstari wa Injector ukiwa umesahauliwa, itaanguka vivyo hivyo. Kwa kurasa nzima, pimeni pia uzito kwa WicketObjects.sizeof, ukurasa wa fomu ya kawaida ukizidi kilobaiti mia kadhaa, kuna kitu kimekokotwa ambacho hakikupaswa kuwemo.

Wanaotumia Guice (mfumo mwingine wa kudunga huduma) badala ya Spring watakuta mkunga anaitwa GuiceComponentInjector na anotesheni ni @Inject; mengi tuliyoyasema ni yale yale. Kwa CDI (kanuni rasmi ya Java ya udungaji), huduma za upeo wa programu huja zikiwa tayari na proksi inayofungashika, lakini zile za upeo wa Dependent huja halisi, kwa hiyo hizo ndizo za kuangaliwa.

Tunachokuomba, Mhariri, ni kwamba mifano ya msimbo inayochapishwa katika kurasa zenu za teknolojia ichapishwe kamili, pamoja na konstrakta. Katika somo hili mstari unaoachwa ili kuokoa nafasi huwa ni ule wa Injector, na mwanafunzi anayenakili mfano huo hana namna ya kujua kwamba ulikuwepo.

Wenu katika kazi,
Watengenezaji wa programu za Java